Majani ya muhogo uliyoniletea

Swahiba Athumani,

Salaam sana, na poleni na msiba wa Mzee Bakari. Bahasha nimeipata kwa mkono wa Salome. Unataka niseme kama muhogo wa Pangani na wa Muheza ni aina mbili. Sisemi, maana umechuma ovyo: majani ya kileleni, ya chini yanayokaribia kupukutika, na mawili yamejikunja kwa batobato, ule ugonjwa wa virusi wa muhogo. Jani la batobato halipimwi, bwana!

Shina moja hubeba sura nyingi. Majani ya mwanzo mara nyingi yana vidole vichache, yaani zile sehemu jani linapogawanyika, ya katikati vitano hadi saba, na karibu na maua vinapungua tena. Kwa hiyo ngoja miezi 6 tangu kupanda, chuma theluthi ya kati ya shina, majani 5 mazima. Hesabu vidole, andika idadi inayojirudia zaidi. Kidole cha kati pima urefu, kisha upana pale kinapotanuka zaidi, ugawanye urefu kwa upana. Rangi ya kikonyo iandike hukohuko shambani. Jani likishanyauka vidole hujikunja na upana unakudanganya, basi libane kwenye gazeti papo hapo.

Kinachonisumbua zaidi ni mashina. Muhogo hupandwa kwa pingili, kwa hiyo mashina 30 ya shamba moja huenda ni mmea mmoja uliokatwakatwa. Ukiyaita sampuli 30 umekwisha. Heri mashamba mengi, shina mojamoja kwa kila aina wanayoitaja wenyeji. Na miche iliyojiotea kwa mbegu iandike peke yake. Hiyo kila mmoja ni mpya.

Kisamvu cha mpira, ule mti wa mpira ulio ndugu wa muhogo, nacho kisikuchanganye. Jani lake ni pana, kikonyo hushika ndani kidogo ya ukingo. Huzaana na muhogo. Kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, walivichanganya miaka ya 1930 wakitafuta ukinzani wa batobato. Ukiona jani la katikati ya hao wawili, usishangae.

Narudi kwenye pingili. Kujua kama ni asili au ni udongo, panda za Pangani na za Muheza shamba moja, kila pingili urefu wa sentimita 20 hadi 25, nafasi mita moja kwa mita moja, mistari ichanganyike. Tofauti ikibaki hapo, ni ya asili.

Shamba la shemeji bado liko wazi? Vuli imeshika huko? Mbuzi wa Mama Zuhura wanafungwa siku hizi, au bado? Na bahasha ya pili lini, ila kwa mpangilio?

Wako,
Hamisi