Mdogo wangu, usije kwetu kwa hasira

Mdogo wangu,

Tumsifu Yesu Kristo.

Ujumbe wako niliupata Jumatano usiku, nimeegesha bajaji pale Sabasaba, hapa Dodoma, nasubiri abiria wa mwisho. Miaka mitatu hujaniandikia hata salamu ya Krismasi, halafu unaniletea mstari mmoja: "Kaka, kwenu mtu anapadirishwa baada ya muda gani?" Niliusoma mara nne. Abiria akapanda, nikamfikisha Nkuhungu, nikarudi nyumbani. Mke wangu akaniuliza nina nini, nikasema sina kitu. Leo nakujibu, mimi padre wa kanisa dogo la Kikatoliki lisilo chini ya Papa, na nakujibu mbele za watu, kwa sababu mambo yetu tumeyafungia ndani mpaka yameoza, na kwa sababu wapo vijana wengine wanaoniuliza swali hilo hilo wakiwa na hasira kama yako.

Shangazi ameniambia kwamba seminarini umeambiwa ukapumzike nyumbani, wenzako wakiendelea kwenye ushemasi, ngazi ya kabla ya upadre. Pole, mdogo wangu. Najua kukunja kanzu nyeupe na kuitia kwenye begi huku unawasikia wengine kanisani wanaimba masifu ya jioni. Kula, tafadhali. Usikae chumbani mchana kutwa. Nenda Makutupora kwa mjomba ukamsaidie kupogoa mizabibu, mikono ichoke, usiku upate usingizi. Na watu wakikuuliza habari za seminari usiwaeleze kwa urefu. Waambie upo, basi.

Jibu la swali lako ni fupi: kwetu unaweza kupadirishwa haraka, na hapo ndipo ninapoogopa. Hatuna seminari. Tuna askofu anayekaa mbali, anatufikia mara moja kwa mwaka kwa basi na kulala sebuleni kwangu. Yeye ni mtu makini. Alinichunguza mwaka mmoja na nusu kabla ya kunipokea, ingawa mikono yangu ilikwishapakwa krisma, yale mafuta ya upadrisho, zamani. Lakini si wote walio kama yeye. Katika makanisa haya ya Kikatoliki yanayojitegemea wapo maaskofu ambao ukiwatumia picha na nauli, miezi mitatu baadaye una stola, ule ukanda wa padre wa shingoni, na mwaka ukiisha una kofia ya kiaskofu. Ukiona mtu anakuahidi kofia, kimbia.

Wewe uliwahi kusema mbele ya wajomba kwamba kanisa letu tumejitungia juzi chini ya mbuyu. Historia ya Kanisa tumesoma darasa moja, mimi na wewe, tofauti ni miaka tu. Unajua kwamba mwaka 1724 waumini wa Utrecht, kule Uholanzi, walipata askofu mkuu bila idhini ya Papa. Unajua kwamba Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano ulipotangaza mwaka 1870 kuwa Papa hawezi kukosea anapotamka rasmi fundisho la imani au maadili, baadhi ya Wakatoliki wa Ujerumani, Uswisi na Austria walikataa, na mwaka 1889 maaskofu wa wale wa Ujerumani na Uswisi wakaungana na wale wa Utrecht. Brazili, askofu Carlos Duarte Costa alitengwa mwaka 1945 akaanzisha kanisa lake, na mikono aliyowawekea wengine kuwa maaskofu ndiyo iliyofika, mtu kwa mtu, mpaka kwa askofu wangu. Na Milingo, aliyekuwa askofu mkuu wa Lusaka, Zambia, hahitaji kuelezwa: alioa mwaka 2001, na mwaka 2006 akawaweka wakfu wanaume wanne wenye ndoa kuwa maaskofu, akatengwa. Unaweza kusema wote hao walikosea. Lakini juzi siyo, wala mbuyu haukuwepo.

Hata hivyo, Jumapili asubuhi ukihesabu watu kumi na saba mbele yako, historia hiyo haikushiki mkono. Nataka ujue unakoulizia njia. Kanisa letu ni fremu, kushoto saluni, kulia duka la vipuri vya pikipiki. Muziki wa saluni tunauomba usimame saa mbili hadi saa tatu na nusu, na yule binti ana heshima, huwa anauzima. Daftari lina majina thelathini na moja. Sadaka ya Jumapili iliyopita ilikuwa shilingi elfu kumi na nne na mia tano. Kodi ya fremu inatoka kwenye bajaji, siyo kwenye sadaka. Bila cheti cha Msajili wa Jumuiya huwezi hata kufungua mlango, na ukitaka kufungisha ndoa lazima uwe na leseni kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, na hayo yote ni nenda rudi, ofisi hadi ofisi, huku bajaji imesimama haiingizi kitu.

Hostia, ile mikate ya komunyo, hatuuziwi. Nilikwenda mara moja kwa masista wanaozioka, wakanipokea vizuri, wakanipa na chai, wakasema hawawezi. Kwa hiyo Jumamosi usiku mke wangu anakoroga unga wa ngano na maji, uji mwepesi, anaumimina kijiko kimoja kimoja kwenye kikaango kizito na kukandamiza juu kwa chuma bapa. Ikitoka ni nyeupe, ina madoa ya kahawia pembeni. Mimi nakata vile viduara kwa mfuniko wa kopo, watoto wanakula makombo. Ukiishika dirishani haiko mviringo kamili. Ni ngano tupu, kama kanuni inavyodai. Mzee mmoja anapiga zeze wakati wa matoleo, maana kwaya hatuna. Kichupa cha mafuta ya wagonjwa kinakaa kwenye bajaji, chini ya kiti changu, kimefungwa kwenye leso. Nimeshakitoa saa nane za usiku, Chang'ombe, nikiwa na abiria nyuma, na yule abiria akashuka tukasali naye.

Kuna mama mmoja, aliolewa mke wa pili, kwa hiyo komunyo hakuruhusiwa. Miaka kumi na tisa alikaa benchi la nyuma parokiani kwake, akiwatazama wenzake wakipanga mstari wa komunyo. Siku aliponyoosha viganja kwangu vilikuwa vinatetemeka mpaka nikaogopa hostia itaanguka. Nilivishika vile viganja kwa mkono wangu wa kushoto, nikaweka hostia kwa wa kulia. Mdogo wangu, siku ile niliona wazi kwa nini Mungu alinitoa kule. Niliwaacha wale kwa ajili ya watu kama huyu.

Hapana. Shangazi atasoma hapa, na mke wangu atasoma. Niliondoka kwa sababu mwanangu wa kwanza alikuwa tumboni, na sikutaka akue akiniita mjomba. Nimewaona wanaoitwa mjomba na watoto wao wenyewe, wanaleta sukari na madaftari Jumamosi jioni, wanaondoka kabla ya giza. Nilishindwa. Niliomba Roma inifungue ahadi ya useja, nikasubiri, mtoto hakusubiri. Na mpaka leo sielewi mwanamke wangu alipunguza nini kwenye upadre wangu, wakati mapadre Wakatoliki wa Ukraine wenye ibada ya Mashariki wana wake na watoto, na Papa wao ni huyo huyo. Mlinisema kijiji kizima. Wewe ulikuwa kidato cha pili ulipotangaza kwamba hutavaa tena kiatu nilichokununulia. Hilo nilikusamehe siku ile ile, ulikuwa mtoto.

Usiku wa mama sijakusamehe.

Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili na korongo limejaa. Jioni nilimnywesha uji wa uwele, vijiko vitano, akasema umetosha. Tulipofika kama saa nne pumzi yake ikabadilika, unaikumbuka, ile ya kuvuta na kungoja. Nikatoka kwenda kuchukua stola na mafuta kwenye begi langu, nililiacha barazani. Niliporudi ulikuwa umesimama mlangoni. Shati la bluu, mkono wako wa kulia kwenye mwimo, taa ya sola nyuma yako, sikuuona uso. Ukasema, tena kwa upole, na ule upole ndio unaoniuma: "Kaka, mama amebatizwa Roma, atakufa Roma. Paroko yuko njiani."

Paroko alikuwa ng'ambo ya korongo na pikipiki yake. Sote tulijua.

Ulikuwa mwaka wa pili wa teolojia. Kanuni ya 976 uliijua. Siyo ya kwetu, ni ya kwenu, imo katika Sheria za Kanisa za mwaka 1983: padre yeyote, hata asiye na ruhusa ya kuungamisha, anaweza kumwondolea dhambi mtu aliye katika hatari ya kufa. Yeyote. Hata aliyeoa. Hata aliyetengwa. Hata kaka yako. Kanisa lako lenyewe lilikuwa limeniachia huo mlango mmoja, na wewe ukasimama ndani yake.

Ningeweza kukusukuma, u mwembamba. Sikukusukuma kwa sababu mama angesikia wanawe wakipigana kichwani pake. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa, na nimeishika miaka mitatu. Siku nyingine nadhani niliona aibu tu, mbele ya shangazi na wale wanawake wa jumuiya. Padre hapaswi kuona aibu mlangoni pa mtu anayekufa. Kwa hiyo lawama ninayokupa wewe, nusu yake ni yangu, lakini ile nusu nyingine ichukue.

Sasa nikuambie ambalo sijamwambia mtu. Nilizunguka nyuma ya nyumba, kwenye kile kidirisha cha chumba chake tulichokuwa tunapenyea tukichelewa na mbuzi. Wavu ulikuwa umechanika kona moja. Nikavaa stola juu ya koti, mvua inaninyeshea, nikaweka kiganja ukutani na udongo ukanibandika vidoleni, nikasema: mama, ni mimi. Nikasema: nakuondolea dhambi zako, kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Akakohoa. Sijui alisikia, sijui ilikuwa pumzi tu. Unaweza kuniambia kitubio hakipiti ukutani. Niambie, nitakusikiliza. Lakini nilikuwa karibu naye kuliko ulivyokuwa wewe pale mlangoni, ulikuwa umempa mgongo.

Paroko alifika saa kumi na mbili asubuhi, tope mpaka magotini, mama ameshapoa. Huyo simlaumu. Alilia kama mtoto.

Basi unaniuliza kwetu mtu anapadirishwa baada ya muda gani. Mwaka huu sikupeleki kwa askofu. Nimejiuliza kama nakukatalia ili nikulipize mlango kwa mlango. Nimeliombea hilo, na bado sina hakika nimepona. Ila sababu nyingine ninayo, na hiyo naisimamia: mimi nilikuja huku na hasira, na miaka miwili ya mwanzo nilihubiri juu ya paroko wangu wa zamani kuliko nilivyohubiri Injili. Watu walinikimbia. Tulikuwa hamsini, wakabaki tisa. Hao thelathini na mmoja nimewakusanya upya nikiwa nimenyamaza. Ukija sasa utakuja kuwaonyesha walezi wako kwamba walikosea, na wale watu wa kwenye fremu hawastahili padre wa namna hiyo. Wana shida zao.

Rudi kwa mlezi wako, muombe sababu, uipate hata kama inachoma. Ongea na shirika jingine, yapo. Fanya kazi mwaka mmoja, ulipe kodi ya chumba kwa mkono wako mwenyewe. Ukiona bado unaamka na misa kichwani, siyo na majina ya watu, nipigie. Nitakupeleka mwenyewe, nauli juu yangu.

Na uje kula. Mke wangu amesema hivyo, siyo mimi. Yeye ndiye aliyepika siku tatu za msiba huku wanawake wakimpokonya mwiko, na yeye ndiye anayeniuliza kila Pasaka kama umepiga simu. Mlenda upo. Mkubwa sasa yuko darasa la sita, anachora treni ile mpya ya umeme kila daftari, amerithi mkono wako wa kushoto.

Lakini kuna neno nataka unijibu kwanza, kabla ya hayo yote.

Siku ya upadrisho wangu ulikuwa darasa la sita, umekaa mbele na mama. Kile kitambaa cheupe nilichofutia krisma viganjani nilimkabidhi yeye, kwa sababu padre mmoja mzee alitufundisha ile desturi ya zamani, kwamba mama wa padre huzikwa nacho mikononi. Alikiweka kwenye sanduku la bati, chini ya kitenge chake cha WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, na hata nilipooa hakukitoa. Nilimuuliza. Akasema, "Hicho ni changu." Ufunguo aliuvaa shingoni, na alipokufa ukabaki kwako. Asubuhi ile nilikutumia ujumbe, tukiwa nyumba moja, kwa sababu sikuweza kuongea na wewe: muwekee kitambaa. Ukajibu, "Sawa."

Tulipopita kumuaga nilimuona uso, nikaiona rozari, lakini sanda ilikuwa imefunika viganja na nyuma yangu watu walikuwa wanasukumana. Sikuthubutu kuinua.

Uliweka, au hukuweka? Kama bado kiko sandukuni, usikitupe, wala usimpe mtu akuletee. Njoo nacho.

Kaka yako.