Barua ya wazi kwa Mheshimiwa: Tuonyeshe ukumbi wetu uko wapi kwenye ramani hiyo

Mheshimiwa,

Pokea salamu zangu, wewe na wote unaofanya nao kazi. Nilikuwa nimeazimia kuendelea kungoja jibu lako kuhusu ramani ya kituo kipya cha jamii na mikutano, maana nililelewa kuheshimu ofisi, na barua zangu zote mbili zina muhuri wa kupokelewa kwako. Lakini yaliyotupata Jumamosi iliyopita yamenimaliza subira.

Saa tisa alasiri tulikuwa akina mama 31 chini ya mti pale Nyayo Gardens, hapa Nakuru. Chama chetu kina wanachama 34, wengi wao wachuuzi wa mboga na mitumba kuanzia Top Market hadi Wakulima. Tulikuwa tunagawa mikopo, tumefika kwa mtu wa tatu, mvua ikashuka ghafla. Tulikimbilia veranda ya duka ng'ambo ya barabara. Mmoja wetu anatumia kiti cha magurudumu, kwa hiyo wanne walimbeba na kiti chake kupanda ngazi tatu huku mlinzi akituambia tusizibe mlango wa wateja. Mweka hazina alifunika sanduku la pesa kwa leso yake. Mimi ndiye katibu, na katika purukushani hiyo nililiacha daftari kwenye nyasi.

Usiku ule nililianika juu ya jiko la makaa. Kurasa zilikuwa zimegandana, nikawa nazibandua moja moja kwa ncha ya kisu. Ukurasa wa Machi ulichanika katikati, pale pale palipoandikwa nani amelipa na nani bado anadaiwa. Leo kuna wanachama wawili, majirani wa miaka mingi, wasiosemezana kwa sababu ya shilingi 2,400 ambazo siwezi tena kuthibitisha ni za nani.

Kwa nini tulikuwa chini ya mti? Wewe unajua, ila wanaosoma barua hii huenda hawajui. Ukumbi wa kijamii tuliokuwa tukiutumia umezungushiwa mabati. Pale tulilipa shilingi 1,000 kwa alasiri nzima, tukapewa risiti na viti. Kwaya zilifanyia mazoezi pale. Vijana walicheza ndondi Jumanne na Alhamisi. Mume wangu alipofariki, mikutano ya kuchangia mazishi yake ilifanyika pale kwa jioni nne mfululizo, na jioni ya mwisho mwangalizi alikataa pesa yetu. Paa lilivuja upande wa jukwaa na vyoo vilikuwa vya kuaibisha, hilo silikatai. Ndiyo maana ulipotangaza kwamba patajengwa kituo kipya kwa pesa za umma, nilisimama nikapiga makofi. Ulisema "kituo cha jamii na mikutano". Jamii uliitaja kwanza, Mheshimiwa. Nilikuwa safu ya pili na nilisikia vizuri.

Ramani tuliionyeshwa hotelini, kwenye kile kilichoitwa kikao cha ushiriki wa umma. Tangazo lilibandikwa Jumanne jioni, kikao kikawa Alhamisi saa tatu asubuhi, saa ambayo mwanamke wa sokoni hawezi kuacha meza yake. Nilifunga biashara nikaenda, nikapoteza mauzo ya siku hiyo. Picha zilipita ukutani haraka, na sikupewa hata karatasi moja ya kubeba. Niliandika nilichoweza: ukumbi mkuu wa viti 3,000, vyumba vya wajumbe, maegesho chini ya ardhi, mkahawa juu ya paa. Cha jamii kilikuwa chumba kimoja chini kabisa, kando ya jenereta. Niliinua mkono nikauliza kitakodishwa kwa bei gani na siku zipi. Nikajibiwa kwamba hayo yataamuliwa na wasimamizi baada ya ujenzi.

Jibu hilo silikubali. Kifungu cha 201 cha Katiba kinasema mambo ya fedha za umma yaendeshwe kwa uwazi, kwa uwajibikaji na kwa kushirikisha wananchi. Kifungu cha 35 kinanipa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya kupata habari ya mwaka 2016 imekupa siku 21 za kunijibu. Leo ni siku ya 58. Sikuomba siri yoyote. Niliomba ramani, makadirio ya gharama, na bei ya ukumbi wa wananchi.

Sipingi jengo. Nataka hilo lieleweke, maana nimesikia kwamba tunaouliza maswali tunaitwa wapinga maendeleo. Nakuru ilikabidhiwa hati ya kuwa jiji Desemba 2021 na nilijivunia kama mwenyeji yeyote. Mwaka huo huo UNESCO iliiweka Nakuru katika mtandao wa miji bunifu, kwa ufundi na sanaa za jadi. Basi wachonga vinyago na wasuka vikapu watauzia wapi katika jengo hilo? Nilitafuta nafasi yao kwenye zile picha na sikuiona.

Kuhusu mikutano mikubwa inayotarajiwa kulipia gharama, naomba tuhesabu pamoja. KICC, jumba la mikutano ya kimataifa la Nairobi, ilifunguliwa 1973, na mwaka huo huo Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa wakafanya mkutano wao humo. Lakini Nairobi ni mji mkuu na ina uwanja wa ndege wa kimataifa. Sisi mgeni wetu atatua Nairobi kisha asafiri kilomita 160 hivi kwa barabara, na njiani atapita Naivasha, katika kaunti yetu hii hii, ambako hoteli za kando ya ziwa zina kumbi na vitanda pamoja. Kisumu nao walipokea Africities, mkutano wa miji ya Afrika, Mei 2022, na jiji likajaa kweli kweli. Mara ya mwisho mkutano huo kuja Kenya kabla ya hapo ilikuwa Nairobi, mwaka 2006. Kati yake ni miaka 16. Sisi wa chama tunakutana kila Jumamosi.

Viti 3,000 vikikaa bila watu, umeme wa lifti na mishahara ya walinzi na wafagiaji bado vitalipwa kila mwezi. Ninavyoona mimi, na unisahihishe hadharani kama nimekosea, hapo ndipo atatafutwa mwendeshaji binafsi, naye atatafuta pesa kwa kupandisha bei ya kila chumba, hata kile cha kando ya jenereta. Sisi tutarudi kwenye mti. Hoteli ya karibu nilikouliza wiki hii wanataka shilingi 8,500 kwa nusu siku, na lazima tununue chai yao. Hiyo ni zaidi ya mkopo tunaompa mama mmoja kuanzisha meza ya sukuma wiki.

Kwa hiyo ombi langu ni lile lile la barua ya kwanza na ya pili. Kabla tenda haijatiwa saini, weka kwa maandishi siku ambazo ukumbi ni wa wananchi na bei watakayolipa, na iwe sehemu ya mkataba, ili atakayekuja baada yako asiweze kuifuta kwa kalamu. Chumba hicho kitoke chini kiwe usawa wa barabara, chenye mlango wa kupitisha kiti cha magurudumu, kwa sababu Kifungu cha 54 kinawapa watu wenye ulemavu haki ya kufika kila mahali, na kwa sababu nimechoka kumwona mwenzangu akibebwa kama gunia mbele ya wateja wa duka. Na mpaka jengo liishe, tupeni mahali penye paa. Hata darasa tupu siku za wikendi litatutosha.

Kama yote matatu ni mazito, anza na bei. Siku na bei. Andika, tia saini, bandika kwenye yale mabati mtu yeyote anayepita asome.

Jumamosi hii tunakutana tena saa tisa, mahali pale pale. Nimenunua daftari jipya na nimelitia kwenye mfuko wa plastiki. Njoo na ramani, Mheshimiwa, uikunjue mbele yetu, utuonyeshe kwa kidole mahali tutakapokaa.

Wako kwa heshima,

Katibu wa chama, Nakuru