Mgambo wa pwani wakumbukwe kwa majina

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwazungumzie askari wa mgambo waliotoka katika mitaa ya wavuvi ya Tanga wakaenda Vita vya Kagera na hawakurudi. Kila ifikapo tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, tunawakumbuka wote kwa pamoja, na hiyo ni haki yao. Lakini anayekumbukwa ndani ya kundi tu, baada ya miaka arobaini na ushei, hata wajukuu wake hawamjui.

Mmoja wao alikuwa mjomba wangu, mvuvi wa Sahare. Hakuwa mwanajeshi wa kazi. Mafunzo ya mgambo aliyapata hapa hapa nyumbani, na Mwalimu Nyerere alipotangaza Novemba 1978 kwamba majeshi ya Idi Amin yaliyovamia Kagera yatapigwa, alikuwa miongoni mwa walioitwa. Bahari ndiyo iliyokuwa kazi yake na, kama mkewe alivyozoea kulalamika, starehe yake pia: hata siku za maji mafu, bahari inapojaa na kupwa kidogo tu, wenzake wakishona nyavu na kucheza bao, yeye alikuwa ufukweni akilikagua dau lake na kuyatazama mawingu upande wa Ulenge.

Barua yake ya mwisho kutoka vitani bado tunayo. Vita vyenyewe vimepewa mistari michache. Sehemu kubwa ni maagizo: dau lipandishwe pwani kabla upepo wa kusi haujaanza, ubao wa pili kutoka kwenye mkuku, ule uti wa chini wa chombo, uangaliwe kwa kuwa ulikuwa ukivuja, pamba ya kalafati, ya kuziba nafasi kati ya mbao, isiwe ya zamani, na sifa, yale mafuta ya papa ya kulinda mbao, ipakwe mara mbili, kwa sababu aliyeipaka mwaka uliotangulia alifanya haraka. (Aliyeipaka ni baba yangu, ambaye hadi leo hapendi barua hiyo isomwe mbele ya wageni.)

Hakuifikia Kampala, iliyotwaliwa Aprili 11, 1979. Amelala Kaboya, wilayani Muleba, pamoja na mashujaa wengine zaidi ya 600, katika wilaya inayopakana na Ziwa Victoria, maji mengi yasiyo na chumvi wala bamvua, yaani kujaa na kupwa kukubwa. Makaburi yale yanatunzwa kwa heshima na sina la kulalamika. Ila kutoka Tanga hadi Kaboya ni safari ambayo wajane wengi hawakuimudu hata mara moja, ilhali hapa mjini kwetu askari wa Uingereza na India waliokufa katika mapigano ya Novemba 1914 wana makaburi na kumbukumbu ambazo mpita njia yeyote anaweza kuzifikia kwa miguu.

Ninachoomba si mnara. Naomba Siku ya Mashujaa inapoadhimishwa hapa Tanga, majina ya mgambo wetu yasomwe kwa sauti, kila jina pamoja na mtaa na kazi ya mhusika: mvuvi, seremala, mkata mkonge. Katika maadhimisho ya kitaifa wazee huweka upinde na mishale; sijui kama itifaki ingeruhusu kwetu kuweka kasia, lakini ningefurahi sana.

Majina hayo bado yanapatikana kwa wazee wa Sahare, Mwambani na Chongoleani, ambao idadi yao inapungua. Wenyeviti wa mitaa wangeweza kuanza kuyaandika sasa, bila kusubiri bajeti, kwani daftari moja linatosha.

Wako,
Msomaji, Sahare, Tanga