Barua kwa Swahiba Aliyepewa Mbwa

Makorora, Tanga
Jumapili jioni

Swahiba wangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na watoto, na umfikishie Mama shikamoo yangu. Sisi huku hatujambo, ila mvua zimeugeuza uchochoro wetu kuwa mfereji. Ujumbe wako niliupata juzi, nami nikacheka peke yangu nilipofika pale uliposema kwamba jirani yako wa Kigamboni amekuahidi mtoto wa mbwa, dume, mwenye umri wa wiki tano, na kwamba unamtaka haraka kwa sababu wezi wamekwisha kukutembelea mara mbili tangu uhamie. Umeniuliza swali moja tu, kwamba mbwa huyo atakula nini. Nimeona nikujibu kwa barua badala ya simu, maana jibu la swali hilo ni fupi, na yale usiyoyauliza ndiyo yaliyonigharimu mimi.

Kwanza kabisa, usimchukue wiki hii. Mwombe jirani amwache kwa mama yake mpaka atimize wiki nane. Katika wiki hizo tatu zilizobaki, anapocheza na nduguze, hujifunza kipimo cha meno yake: akimng'ata mwenzake kwa nguvu, mwenzake hupiga kelele na mchezo huishia hapo. Mbwa aliyeondolewa mapema huja nyumbani bila somo hilo, na vidole vya wanao ndivyo vitakavyomfundisha. Kuhusu wezi, usijidanganye kwamba kitoto kile kitamfukuza mtu kabla ya kukaribia mwaka mmoja, kwa hiyo wiki tatu hizi nunua kufuli jipya na taa ya nje.

Sasa chakula. Unamkumbuka Shaba, mbwa wangu, ambaye ni mbwa koko wa papa hapa Tanga, mwekundu kama sufuria la zamani, na sasa ana miaka tisa. Miezi yake ya mwanzo nilimlea kwa ugali mtupu na mchuzi uliobaki, nami nilijiona mfugaji hodari kwa sababu tumbo lake lilikuwa limejaa kama ngoma. Siku moja bwana mifugo alipita kwa jirani mwenye mbuzi, nikamwita amwangalie. Hakutazama tumbo hata kidogo. Alimfunua mdomo kwa kidole gumba, akanionyesha ufizi uliokuwa mweupe kama karatasi, kisha akasema kwamba nusu ya tumbo lile ni minyoo na nusu iliyobaki ni ugali wangu. Tangu siku hiyo sijamsifu mbwa yeyote kwa tumbo lake. Wako atahitaji dawa ya minyoo mara tu utakapompokea, na irudiwe kama daktari wa mifugo atakavyokuelekeza, kwa kuwa watoto wa mbwa huzaliwa na minyoo ya mama yao au huipata kwenye maziwa yake, na baadhi ya minyoo hiyo huwadhuru watoto wetu wanaocheza chini.

Chakula chenyewe hakihitaji fedha nyingi. Mimi hupika ugali laini wa dona pamoja na dagaa, wale wa bei ya chini wanaouzwa kwa ajili ya mifugo, lakini huwaosha kwa maji mawili au matatu kwa sababu wana mchanga mwingi. Siku nyingine huchukua utumbo au mapafu buchani, nikayachemsha vizuri, nikachanganya na mchicha au kipande cha boga. Kitunguu nimekipiga marufuku, kibichi na kilichopikwa, kwa kuwa huharibu damu ya mbwa, na kwa sababu hiyo hiyo pilau ya sikukuu, ambayo kila mgeni hutaka kumwonjesha kwa huruma, haimfai. Wakanye watoto wasimpe chokoleti, ambayo ni sumu kwake. Mifupa ya kuku iliyopikwa nayo usimpe, maana ikitafunwa hupasuka kama vijiti na kuchoma utumbo. Mlishe mara tatu au nne kwa siku, kidogo kidogo, mpaka afikishe miezi minne hivi. Akishakua, mara mbili zinatosha, asubuhi na jioni, saa zile zile na mahali pale pale, na maji yasikauke katika chombo chake.

Nimesema chombo chake kwa makusudi. Wewe na mimi ni watu wa madhehebu ya Shafi, na unajua chombo kilichorambwa na mbwa huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Shemeji hatakuwa na nafasi ya kufanya hivyo kila siku, wala si haki kumtwisha mzigo huo kwa ajili ya mnyama wako. Mjengee banda uani, mbali na jiko na mahali mnaposwalia, bakuli lake likae huko huko, na wewe uwe na kandambili na nguo za kumhudumia. Wapo watakaokuambia kwamba Mwislamu hafugi mbwa kabisa. Wajibu kwa upole kwamba huyu ni wa ulinzi, kisha uwasimulie habari ya yule mtu aliyeteremka kisimani, akajaza maji kiatu chake na kumnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa dhambi zake. Mimi nimeisimulia mara nyingi, na hakuna aliyebishana nayo, ingawa wapo waliosema kwamba mbwa yule hakuwa wa mtu.

Upande wa tabia, utapata washauri wengi kuliko nzi. Mmoja atakuambia umlishe pilipili ili awe mkali, mwingine umfungie gizani asione watu, na wa tatu umfunge mnyororo kutwa na kumfungulia usiku tu. Usiwasikilize. Mbwa anayefungwa kutwa nzima hawi mlinzi. Huwa mwoga mwenye meno, na mwoga wa namna hiyo humng'ata yeyote aliye karibu, awe mwizi au mjukuu wako. Miezi ya mwanzo ndiyo ya kumzoesha watu na vitu: mwonyeshe mwanamke aliyevaa baibui, mzee mwenye mkongojo, muuza maji na mkokoteni wake, bodaboda inayowashwa, watoto wanaokimbia. Mpakate mikononi akiwa bado hajamaliza chanjo, kwa sababu ardhi ya mtaani ina maradhi ya kuharisha damu ambayo huua watoto wa mbwa kwa siku chache. Akifanya jema, umpe kipande cha dagaa papo hapo, na akifanya kosa, usimpige, kwani atajifunza tu kuogopa mkono wako. Shaba alijifunza neno "kaa" kwa wiki moja na kichwa kimoja cha dagaa kwa kila jaribio, jambo ambalo fimbo ya mjomba wangu haikuliweza kwa mbwa wake hadi leo.

Kuna tabia moja ambayo sikuweza kuimaliza, nami sitakuficha. Adhana ya alfajiri inapoanza, Shaba huinua pua juu na kuimba pamoja na mwadhini kwa sauti ndefu ya kusikitisha. Mwaka wa kwanza nilikuwa nikitamani ardhi inimeze. Baadaye niligundua kwamba nikiamka dakika kumi mapema na kumpa mfupa mkubwa wa ng'ombe, hushughulika nao na kunyamaza siku nyingi, si zote. Faida yake ni kwamba sijakosa swala ya alfajiri kwa miaka mingi, na imamu hunitania kwamba nina mwadhini wangu binafsi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo hasa limenifanya nishike kalamu. Ukiwa na mbwa, neno "karibu" si lako tena kulitamka ovyo. Sisi tumelelewa kwamba mtu akibisha hodi, hata kama uko bafuni, unaitikia "karibu", naye anasukuma mlango na kuingia. Katika nyumba yenye mbwa, neno hilo ni mtego. Wafundishe watoto wote, hata mdogo kabisa, kwamba hodi ikisikika jibu ni "subiri, nakuja", kisha mtu mzima amfungie mbwa bandani, ahakikishe komeo limeingia, na aende mwenyewe getini kufungua. Karibu itamkwe hapo, uso kwa uso. Kibao cha "Kuna Mbwa Mkali" kiweke, lakini kisikupe usingizi, maana nusu ya nyumba za mtaani zina kibao na hazina mbwa, na watu wamekwisha kuzoea kukipuuza. Nenda pia kwa mjumbe wako na majirani wa pande zote, uwaambie kabla mbwa hajafika. Jirani aliyeambiwa mapema huvumilia kubweka kwa usiku kadhaa. Asiyeambiwa huhesabu kila sauti.

Ukimtoa matembezini, awe na kamba siku zote, hata ukimwamini. Mimi humpeleka Shaba ufukweni alfajiri baada ya swala, kabla watu hawajawa wengi, nikiwa na mfuko wa kuzolea uchafu wake. Nikimwona mtu anakuja, mimi ndiye ninayevuka barabara na kumsogeza mbwa upande wa ukuta, nikiwa nimefupisha kamba. Kuna wafugaji wenzetu wenye tabia ya kupaza sauti kutoka mbali, "Haumi huyo! Hana neno!" huku mbwa akimrukia mama wa watu. Kauli hiyo inaniudhi mno. Mtu anayeogopa hahitaji sifa za mbwa wako, anahitaji kuona kamba mkononi mwako. Na katika mwambao huu wetu, si wote wanaojitenga ni waoga. Ijumaa moja mzee wa nyumba ya tatu alikuwa akielekea msikitini na kanzu iliyopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama, nami nilikuwa nimesimama nikizungumza, kamba ikiwa imelegea. Shaba alinyoosha shingo na kuigusa kanzu ile kwa ulimi, mara moja tu, kwa mapenzi. Mzee hakusema neno. Alitazama lile doa la mate kwenye pindo, akageuka, akarudi nyumbani kubadilisha, na hotuba ikampita. Nilimfuata jioni kumwomba radhi, akanipokea vizuri na kunipa kahawa, lakini kila Ijumaa mpaka leo, ifikapo saa tano na nusu, Shaba huwa ndani ya banda.

Lililonipata kubwa zaidi lilikuwa mwaka wake wa tatu. Niliacha geti bila kulikomea nikaingia ndani kuchukua simu, na Shaba alikuwa akila. Mvulana wa jirani, mwenye miaka saba, aliingia kufuata mpira wake uliokuwa umeruka ukuta, akapita karibu na bakuli, akang'atwa kwenye shavu la mguu. Nilipotoka, bibi yake alikwisha kufika na alikuwa anataka kupaka ugoro kwenye jeraha. Nilimsihi asipake chochote. Nilichukua kipande cha sabuni ya mche, nikamkalisha mtoto chini ya bomba, nikaliosha jeraha dakika kumi na tano nikitazama saa, huku yeye akilia na bibi akinitukana, kisha tukaenda hospitali. Kichaa cha mbwa, Swahiba, dalili zake zikishamtokea mtu, karibu hakuna anayepona, na maji, sabuni na sindano za mapema ndizo zinazomwokoa. Shaba alikuwa na kadi ya chanjo isiyopitwa na wakati, lakini hata hivyo mtoto alichomwa sindano zake zote kwa tarehe alizopangiwa, nami nililipa sindano na nauli. Mbwa nilimfungia siku kumi kama nilivyoelekezwa, kwa kuwa mbwa aliyekuwa na kichaa wakati wa kung'ata kwa kawaida huugua au hufa ndani ya siku hizo. Kila asubuhi niliandika kwenye daftari kama amekula na kama amekunywa maji, na siku ya kumi nilimwita mama wa mtoto aje amwone kwa macho yake. Bibi alinisamehe polepole. Kwa miezi mingi shikamoo yangu aliiitikia akiwa amekwisha kunipita.

Kwa hiyo wa kwako akifikisha miezi mitatu, apate chanjo ya kichaa, kisha irudiwe kila mwaka bila kuruka. Mimi nimejiwekea alama ya tarehe 28 Septemba, ambayo ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, ili nisisahau. Kadi iwekwe pamoja na vyeti vya watoto. Kupe mtoe kwa mkono kila jioni, na usisahau masikioni na katikati ya vidole.

Nitakuja Dar mwisho wa mwezi, inshallah, kwa basi la asubuhi, na nitakuletea bakuli la bati zito asiloweza kulipindua, pamoja na kamba ya mkonge ya mita mbili niliyoisokotesha hapa. Mwisho wake nimeuzungushia kitambaa cha kanga, kwa sababu mkonge mbichi huchuna kiganja mbwa anapovuta. Jina bado hujaniambia. Usimpe jina la binadamu, maana siku utakayomfokea Juma wako uani, Juma wa jirani atakuwa anasikia, na tafadhali usimwite "Watajiju" wala majina yale ya vijembe, kwani wewe ni mgeni mtaani na utakuwa ukiliita kwa sauti kila jioni.

Wasalaam,
Swahiba wako wa Makorora