Mdogo wangu, simu uliilaza kifudifudi

Mdogo wangu,

Nakuandikia hapa kwa sababu simu yangu hushiki tangu mwaka tuliomzika mama. Shangazi ameniambia kwamba hapa hupiti bila kusoma, na kwamba ile habari ya Wataliano na mbwa wao niliyoandika hapa ulicheka mpaka ukakohoa. Basi na hii icheke, au usiicheke, shauri yako. Lakini fika mpaka chini, maana chini kuna jambo lako.

Jumapili tulikuwa na wageni kwa Signora, bibi mzee wa Kitaliano ninayemtunza, watu 24. Nilihamisha kabati, nikakunja zulia, nikaazima viti kwa majirani ghorofa tatu. Kila mwezi wa Mei hapa Milano kuna siku tatu za piano. Wanaiita Piano City. Wazo lilianzia Berlin mwaka 2010, kwa mpiga piano mmoja Mjerumani, Andreas Kern: mwenye piano nyumbani afungue mlango, watu asiowajua waje wakae sebuleni kwake wasikilize. Milano wakalidaka, na hapa ndipo lilipopata kwao. Hulipi hata senti. Siku hizo piano utaikuta uani kwa watu, utaikuta bustanini, utaikuta imepakiwa kwenye tramu na watu wamesimama wameshika vyuma kama tulivyokuwa tukishika kwenye matatu ya Watamu. Jukwaa kuu huwekwa Via Palestro, kwenye jumba alilowahi kukaa Napoleon, ambalo sasa ni makumbusho ya sanaa. Watu wanaketi nyasini na watoto wao, na mbwa, ndiyo, na mbwa.

Jumamosi nilipata nafasi ya saa mbili Signora akiwa amelala, nikatoka. Uani mwa jengo moja nikamkuta kijana amefunua piano, amezamisha kichwa ndani kama fundi wa tuktuk. Anapachika skrubu katikati ya nyuzi. Skrubu, vipande vya mpira, na kitu kama kizibo. Nikasema huyu anaiharibu mali ya watu na wanamtazama tu. Akakaa, akaanza. Mdogo wangu, lililotoka pale ni kayamba. Kayamba kabisa, na chini yake ngoma. Nilicheka peke yangu mpaka mama mmoja akanigeukia. Mtindo huo aliuanza Mmarekani, John Cage, mnamo mwaka 1940. Alitakiwa kumtungia mcheza dansi muziki wa ngoma, ukumbi ukawa mdogo, ngoma hazikuenea, basi akaigeuza piano ikawa ndiyo ngoma. Nikakuwaza wewe na lile sefuria la uji ulilokuwa ukilipiga mpaka mama anakufukuza na mwiko. Ungekuwa pale ungetaka kupanda jukwaani, nakujua.

Na bado sijakusamehe. Nalisema mapema usije ukadhani nimelainika.

Alhamisi kabla ya wageni alikuja fundi kuiweka piano sauti. Ni ile ya kusimama, imeegemea ukuta, ya marehemu mume wa Signora, imetoka Ujerumani kabla ya vita. Fundi ni mzee, anafanya kazi huku anazungumza, na kwa vile Signora hasikii vizuri, mazungumzo yote yakawa yangu. Akatoa ubao wa mbele nikaona tumbo lake. Nyuzi zaidi ya mia mbili. Vitufe 88, vyeupe 52 na vyeusi 36, na nyuma ya kila kimoja kuna nyundo ndogo ya mti iliyofungwa sufu ngumu puani. Akanionyesha kwenye kila kitufe cheupe mstari mwembamba kama unywele, pale vipande viwili vilipokutanishwa. Akasema ukiuona mstari huo ujue si plastiki, ni pembe. Pembe ya ndovu.

Sikumwambia kitu. Ningemwambia nini? Zamani za mababu pembe zilishuka pwani yetu kwenye mabega ya watu, Bagamoyo, Unguja, zikapakiwa majahazini na merikebuni. Nyingine zilikwenda mpaka Connecticut, Marekani, ambako vijiji viwili vizima, Deep River na Ivoryton, viliishi kwa kuzichana ziwe vitufe vya piano. Mwaka 1989 Moi alichoma tani 12 Nairobi, sote tukiwa wadogo, na babu akazima redio. Unajua mwenyewe kwa nini alizima, na alikuwa akifuata nini upande wa Tsavo. Mimi naifuta ile piano kila Jumatatu kwa kitambaa kikavu, na kila nikifika upande wa kulia, kwenye sauti nyembamba, mkono unakuwa mzito.

Nimetoka njiani. Nilitaka kukuambia alichosema fundi juu ya nyundo.

Alisema vinanda vingi vya kabla ya piano vilikuwa vikidonoa uzi kwa ncha ya unyoya. Donoa kwa hasira, donoa kwa mahaba, sauti ni ile ile. Akaja mtu wa Padova, Bartolomeo Cristofori, fundi wa vinanda wa akina Medici, watawala wa huko Firenze, na mnamo mwaka 1700 akatengeneza kinanda cha nyundo. Nyundo inapiga uzi kisha inarudi nyuma papo hapo, yenyewe, hata kama kidole hakijainuka, ili uzi ubaki huru kulia. Kwa hiyo ukigusa polepole inalia polepole, ukiigonga inapiga kelele. Ndiyo maana ya jina lenyewe, piano e forte, kwa upole na kwa nguvu. Fundi akasema, kinanda cha kudonoa hakikujua mpigaji ana nini moyoni.

Nikaenda jikoni nikafungua maji ya bomba nisionekane.

Kwa sababu nilikununulia kinanda cha aina hiyo mimi. Kisichojua. Kwa mshahara wangu wa kwanza wa huku, elfu kumi na nane kwenye duka la Mombasa, cha bei ya chini kuliko vyote, na wewe ulipokifungua hukusema asante, ulisema, «Dada, hiki hakina uzito.» Nilikasirika mwezi mzima. Nilidhani unakidharau kwa sababu ni chepesi kubeba. Nimekuja kuelewa Alhamisi hii, miaka tisa baadaye, kutoka kwa mzee wa Kitaliano mwenye bisibisi, kwamba ulikuwa unamaanisha kidole.

Sasa ile siku.

Ilikuwa saa nne kwenu, saa mbili huku, Novemba. Nilikuwa nimemwogesha Signora na kumpa chai. Nikaingia msalani nikafunga mlango, nikakaa kwenye ukingo wa beseni la kuogea na leso ya mama kichwani. Mtoto wa mjomba alinipigia kwa video, akaiegemeza simu kwenye kile kibao cha nota juu ya kinanda, ili nione kanisa lote. Nikaliona jeneza. Nikawaona kwaya na mahali pa mama kwenye sauti ya pili, hawakusogea kuliziba lile pengo, Mungu awabariki. Kisha ukaja wewe, shati jeupe, ukaketi.

Ukanitazama. Hukukosea, usije ukasema hukuniona. Ulinitazama muda wa kusema nusu ya Baba Yetu. Kisha mkono wako ukaja, kiganja kikajaa kioo chote, mistari yote ya kiganja nikaiona, na pakawa kiza. Uliilaza simu kifudifudi juu ya kinanda nilichokununulia kwa pesa yangu, siku ya kumzika mama yangu.

Nilikaa hivyo kwa saa moja na dakika arobaini. Sikukata. Ningeweza kukata nimpigie binamu aichukue, sikukata. Na nyimbo nilizisikia kwa mbali sana, kama zinatoka kisimani. Kilichokuwa karibu ni vidole vyako kwenye ile plastiki. Tok, tok, tok-tok, kama mtu anayebisha mlango kutoka ndani. Watu pale kanisani walikuwa wakisikia kinanda kikilia vile vile kama Jumapili yoyote. Shangazi aliniambia baadaye, «Kijana alipiga vizuri, hakutetereka.» Hakutetereka! Wimbo wa sadaka ulikuwa unakiponda kile kinanda, mdogo wangu. Nilidhani kitapasuka. Hakuna aliyejua ila mimi, niliyelazwa uso chini juu yake.

Juzi Jumapili wageni walipokaa, mimi nilikuwa jikoni. Nilikuwa nimepika mahamri, yenye iliki ya kutosha, si hii ya huku isiyo na harufu. Walikula mpaka wakauliza yanaitwaje. Mpigaji alikuwa msichana mwembamba hivi, unamwonea huruma mpaka akae. Alianza na Chopin, mtunzi wa zamani, kisha akapiga vitu vya jazi ambavyo mguu wenyewe unaanza kutembea, kisha akarudi kwa Chopin. Mlango wa jikoni ulikuwa umefungwa, na ukuta wa jikoni ndio ule piano imeuegemea. Nikaweka sikio ukutani. Muziki ulipita juu ya mlango, lakini ukutani kulikuwa na kile kitu. Tok. Tok-tok. Na kila alipogonga kwa nguvu, upande wa pili sauti ilipanda nayo. Kila alipolegeza, ilishuka. Nilisimama pale hadi mahamri ya awamu ya pili yakaungua, harufu ikaenda sebuleni.

Hilo tu. Sijui kama nimekueleza au nimejizungusha.

Nikupe shauri kama dada yako. Usikae na jambo kifuani ukalifanya kitanda. Wewe umefundishwa muziki na mapadri bila senti ya mama, wafundishe na wewe hao watoto wa kwaya. Na ukigombana na mtu mpe nafasi ya kusema. Mimi hukunipa. Ulichukua neno la watu, ukalirudia kwenye matanga mbele ya wajomba, kwamba dada amechagua Wazungu. Nani alilipa hospitali? Nani alilipa jeneza, na hema, na basi la kutoa watu Mombasa, na ng'ombe? Nilituma mpaka nikabaki na nauli ya wiki. Karatasi zangu zilikuwa zinafanywa upya, ningetoka ningerudije? Ulitaka nije nilie siku tatu kisha tukae wote wawili pale uani tukitazamana, na ada ya watoto wa marehemu dada ailipe nani?

Haya. Nilikuwa na stakabadhi. Ile karatasi wanayokupa ukisubiri. Inaruhusu kwenda kwenu na kurudi, mradi usipitie nchi nyingine za Ulaya. Nililijua hilo siku ile ile, aliniambia Mfilipino wa ghorofa ya pili. Binti wa Signora naye aliniambia nenda, ila siahidi kama utamkuta Signora anakusubiri wewe au mwingine. Nikahesabu usiku kucha. Asubuhi nikakupigia nikasema karatasi hazijatoka.

Ulijua? Naona ulijua. Ulivyonitazama kwenye ile simu, naona mtu alikwishakuambia.

Ila kunilaza kifudifudi, hapana. Ungenikatia. Ungenitukana. Mama alikuwa mita nne kutoka pale.

Jambo lako ni hili. Shangazi amesema kinanda hakijawaka tangu Pasaka, umekifunika leso ya mama na kanisani wanaimba kavu. Amesema ni adapta. Kuna mtu anakuja Malindi tarehe 12, nimempa adapta mpya na pedali ya kukanyagia, ya chuma, si ile ya plastiki iliyokuwa ikikimbia sakafuni. Atamwachia shangazi, wewe hulazimiki kuonana na mtu. Shangazi usimwambie kwamba unajua, alitaka iwe kama imetoka kwake.

Ni volti 12. Tazama alama ya ncha kabla hujachomeka, kutanisha na ile iliyoandikwa nyuma ya kinanda. Ile ya kwanza uliiunguza mwenyewe kwa haraka zako, na nikalipa mimi.