Kwa nini hatutoi cheti cha siku moja kwa wahudumu wasaidizi wapya

Meseji tunazopata sana ni za aina hii: tumeajiri vijana sita wanaanza Jumatatu, tunaomba muwafundishe Jumamosi muwape na vyeti kabisa. Naelewa inatoka wapi, wodi haina watu, manesi wamechoka na kila siku inayopita bila mtu wa kusaidia ni mzigo juu ya mzigo, lakini jibu letu ni lile lile kila mara na nimeona bora niandike hapa ili mtu akijibiwa hivyo asidhani tunaringa. Kwa siku moja tunaweza kumweleza mtu kazi. Kumfanya aiweze ndo inachukua muda.

Chukua mfano wa kuhesabu pumzi. Muulize anayeanza kitu gani ni rahisi kuliko vyote kwenye chati atakwambia hicho, si unaangalia tu kifua kinapanda kinashuka. Sasa pitia chati za watu waliofundishwa harakaharaka uone, 18, 18, 20, 18, kitanda hadi kitanda, kama vile wagonjwa wote wamekubaliana kupumua sawa. Mimi mwenyewe nilipoanza hii kazi niliandika hiyo 18 sana tu. Usiku mmoja nikamwandikia mzee mmoja bila kuhesabu, nesi wa zamu akapita, akasimama miguuni mwa kitanda dakika nzima hasemi kitu, halafu akaniambia hesabu tena. Nikapata 28. Hakunigombeza, alienda kumwita daktari, na ikaonekana ni nimonia. Hadi leo nikishika chati macho yanaenda kwenye mstari wa pumzi kwanza, maana mtu mzima aliyetulia ni 12 hadi 20 kwa dakika na mara nyingi pumzi inaanza kupanda mapema, presha bado haijaonyesha chochote.

Kwa hiyo darasani tunafanya hivi: unashika kifundo cha mkono kama bado unahesabu mapigo, macho yako kifuani, sekunde 60 kamili, na humwambii mgonjwa maana akijua anahesabiwa pumzi anaibadilisha bila kutaka. Wanahesabu watu watatu kwa pamoja, mtu mmoja yule yule, kila mmoja anaandika kivyake halafu tunafunua karatasi. Mara ya kwanza majibu yanapishana sana. Tunarudia mpaka yakutane, na hapo Jumamosi yako imeshaisha.

Kunawa mikono kila mtu anasema anajua. Shirika la Afya Duniani lina nyakati tano, kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayotaka usafi wa hali ya juu, baada ya kuguswa na majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vinavyomzunguka. Wanaoanza kazi wanakumbuka zile za baada, za kabla wanasahau. Na glavu jamani, mtu anavaa glavu anatembea nazo kutoka kitanda hiki hadi kile akiamini yuko safi, kumbe anajikinga yeye huku wagonjwa anawasambazia. Tunawapaka rangi mikononi, wanafumba macho, wananawa, wakifumbua wanaona vidole gumba na ncha za vidole viko vile vile. Sabuni na maji ni sekunde 40 hadi 60, dawa ya kusugua yenye spiriti ni 20 hadi 30.

Somo ninalolipenda kuliko yote ni la kumgeuza mgonjwa. Kila mwanafunzi analala chali nusu saa, haruhusiwi kujigeuza wala kusogeza mguu. Ikifika dakika ya kumi na tano hivi wanaanza kulalamika visigino, mara mgongo pale chini juu ya makalio, na ndo sehemu hizo hizo vidonda vya kulalia vinapoanzia. Baada ya hapo ukimwambia mtu kugeuza kila baada ya saa mbili au kama alivyopangiwa mgonjwa, habishi. Tunawafundisha pia kusoma ngozi, na hapa nakazia sana maana picha nyingi za kufundishia ni za ngozi nyeupe: wanakwambia tafuta wekundu usiopotea ukibonyeza kwa kidole, lakini kwenye ngozi nyeusi huo wekundu unaweza usiuone kabisa. Weka nyuma ya mkono wako, linganisha na ngozi ya jirani, kama pana joto zaidi au ubaridi, pamekuwa pagumu au palaini kuliko kawaida, au mgonjwa anashtuka ukigusa, ripoti saa hiyo hiyo.

Yapo mengine, kumvisha aliyepata kiharusi unaanza na mkono dhaifu na kumvua unaanza na ule mzima, kutomvuta mtu kwa makwapa, kumlisha akiwa ameketi wima na kusubiri ameze ndo umpe kijiko kingine, na ukisikia sauti yake imekuwa ya majimaji baada ya kumeza unaacha kumlisha unamwita nesi kabla hajapaliwa.

Ila vyote hivyo havisaidii kama mhudumu anaona kitu ananyamaza. Wengi wanaoanza kazi wanaogopa kumsumbua nesi. Kwa hiyo mkufunzi anajifanya nesi mwenye haraka, anamjibu mwanafunzi kwa ukali "subiri kwanza", na mwanafunzi anatakiwa asiondoke, aseme tena kwa namba: "Sista, mzee wa kitanda cha nne anapumua 28, jioni alikuwa 16, naomba uje umuone sasa hivi." Kuna waliolia kwenye zoezi hili, na ni afadhali walie kwetu. Kwenye kuandika pia, maneno "mgonjwa anaendelea vizuri" kwetu ni marufuku, andika umeona nini, saa ngapi, amekunywa kiasi gani, amekataa nini.

Cheti chetu kina orodha ya ujuzi, na kila mmoja unasainiwa baada ya mkufunzi kumuona mtu akiufanya vizuri siku tofauti zaidi ya moja. Asiyefikia anarudia, na tunawaambia waajiri wazi.

Mkituma watu wenu, tutumieni na nakala tupu ya chati mnayotumia pamoja na aina ya mashine yenu ya presha, wajifunze na vitu watakavyovikuta kazini. Na mtutajie nesi mmoja atakayewasimamia wiki za mwanzo, siku ya mwisho ya kozi tunamuomba aje akae nao aone wanavyofanya.