Filamu ya Jumamosi: The Ipcress File

Ndugu wanakikundi, habari za jioni. Jumamosi hii saa 2 usiku tunaangalia The Ipcress File, filamu ya kijasusi ya Uingereza ya mwaka 1965. Tafadhali msiikose.

Michael Caine anaigiza kama Harry Palmer, jasusi mwenye miwani anayesaga kahawa yake mwenyewe asubuhi, anayesumbuliwa na fomu za ofisini na kuulizia nyongeza ya mshahara. Mtayarishaji, Harry Saltzman, ndiye huyohuyo wa filamu za James Bond, ila hapa hakuna anasa kabisa.

Iangalieni sana kamera. Mwongozaji Sidney J. Furie anaificha nyuma ya taa na mabega ya watu; hata ule ugomvi nje ya ukumbi wa Royal Albert Hall, London, tunauona kupitia vioo vya kibanda cha simu. Wapo wahakiki wa wakati ule waliosema amezidisha. Mimi naona hofu yote imo humo, maana unajiona kama unachungulia yasiyokuhusu. BAFTA, taasisi ya filamu na televisheni ya Uingereza, iliipa tuzo ya filamu bora ya Uingereza, na mpigapicha wake Otto Heller naye akatuzwa.

Tunakutana palepale. Atakayechelewa anijulishe mapema, tafadhali.